Bahasha za Jina la Baba

Arobaini ya Mama ilipokwisha, mimi na binti yangu tulikwenda kusafisha chumba chake, nyumbani kwetu Al Khoudh, nje kidogo ya Muscat. Kanga tulizigawa, dawa tulizitupa, na chini kabisa ya kabati, nyuma ya kopo la udi, binti yangu akatoa albamu yenye jalada la kijani lililobanduka pembeni. Akaifungua bila ya kujua anafungua nini. Harufu ikanifika pale nilipokaa kitandani: gundi kavu, tamu kidogo, chungu kidogo, kama ulimbo uliosahauliwa ndani ya mkebe.

"Mama, hizi stempu za nani? Mbona hazijatumiwa hata moja?"

Nikamwambia za babu yake. Hilo ni kweli, lakini si kweli yote, na sehemu iliyobaki sijapata kumweleza mtu. Naiandika hapa kwa ajili ya wenzangu wa umri wangu, mliokuja kama tulivyokuja sisi, ambao hamtahitaji kuelezwa vipi mtoto wa miaka tisa hujifunza kumchunguza mama yake mzazi.

Baba yangu, Suleiman, alikuwa karani wa posta Unguja. Waingereza walikuwa na desturi, kila wakiwa na jambo la kulisherehekea, daraja jipya au jubilei au mtu wao mashuhuri, hulitolea stempu yake maalumu. Baba alikuwa akizikusanya hizo. Hakuzitaka zilizokwisha kusafiri na kugongwa muhuri. Alitaka mpya, gundi yake haijaguswa, meno yake yote kamili. Alikuwa na muuza stempu wake huko Uingereza ambaye hakupata kumwona, na kila toleo jipya likitoka, yule bwana humletea kwenye bahasha ndefu yenye kadi ngumu ndani ili zisikunjike. Baba akizishika kwa kibano, hashiki kwa vidole. Mimi hukaa ubavuni pake na kuziba pumzi, maana aliniambia hata unyevunyevu wa mdomo unatosha kuiharibu gundi. "Stempu ikishalambwa, mwanangu, imekwisha kazi yake," alikuwa akisema. "Hizi hazijaanza."

Asubuhi moja alitoka kwenda kazini, akawa hakurudi. Ni siku zile za mapinduzi, ambazo nyote mnazijua. Baada ya siku nne alikuja mtu mlango wa nyuma, akasema na Mama kwa sauti ya chini, akaondoka. Mama akaingia ndani, akafunga madirisha moja baada ya moja, akaniweka mbele yake.

"Baba yako ametangulia mbele ya haki. Mwombee."

Sikuona jeneza. Sikuona watu kwenda makaburini. Mama akakaa eda, na eda ilipokwisha tukapanda meli. Watu wengine walibeba dhahabu kama walibakiwa nayo. Mama alibeba bunda la nguo, na albamu ya Baba aliishonea ndani ya mto. Njia nzima nililalia mto ule, pembe ya jalada ikinichoma sikio, na nikaanza kujiuliza: mtu akiwa amekufa kweli, kwa nini mkewe amchukulie vitu vyake?

Tulifikia Matrah, bandari iliyo jirani na Muscat, kwa Ami Hamed, ndugu yake Baba, aliyetangulia kurudi miaka mingi kabla yetu na kupata kazi ya ukarani forodhani. Nyumba ilikuwa ya ghorofa moja, kuta nene, na madirisha madogo yaliyotazama kwenye kichochoro chenye harufu ya ndimu kavu na papa. Ami alikuwa mpole. Mkewe, Bi Moza, alikuwa na mdomo mwepesi, lakini chakula alikigawa kwa haki. Shule ya kusoma msichana hapakuwa na ya kwenda, na mimi Unguja nilikuwa nimeshafika darasa la nne na Kiingereza nimeanza kukielewa. Basi nikakaa ndani. Mtoto aliyekaa ndani kutwa, hana kitabu na hana wenzake, husikiliza.

Na ya kusikiliza yalikuwepo. Nyinyi mliokuwepo mtakumbuka jinsi mji ule ulivyokuwa. Watu wazima walipozungumza, mmoja alikuwa akiuangalia mlango. Redio ilifunguliwa kwa sauti ya mbu. Majirani walitusikia tukisema Kiswahili, wakadhani tunawasema wao; sisi tuliwasikia wakisema Kiarabu cha haraka, tukadhani wanatusema sisi. Fulani kapekuliwa mizigo yake. Fulani kaulizwa barua zake zatoka kwa nani. Kila jina la mtu aliyebaki Unguja likitajwa, Mama humwashiria Bi Moza kwa macho: mtoto yupo. Nikakua nikijua kwamba jambo likisemwa kwa sauti kubwa ni la uongo au halina maana, na la kweli husemwa kwa kunong'ona.

Bahasha ya kwanza ilikuja tumeshakaa miezi kadhaa. Ami ndiye aliyekuwa akipita posta Muscat kwa gari ya forodha. Alikuja nayo adhuhuri, akasimama nayo ukumbini, hakuiweka chini.

"Shemeji," akamwita Mama, "hii ni yako, nadhani."

Nilikuwa karibu zaidi kuliko Mama. Bahasha ndefu, kadi ngumu ndani, kichwa cha malkia wao pembeni. Na katikati, kwa mashine ya kuandikia, jina la Baba, kisha jina la Ami, kisha Matrah.

"Mama, barua ya Baba!"

"Ya stempu," akasema Mama, na akaichukua upesi hata kucha yake ikanikwaruza. "Baba yako alikwisha kuwalipa zamani. Niliwapelekea anwani ya hapa, wasije wakapeleka kwenye nyumba isiyo na mtu."

Ami akatikisa kichwa na kwenda zake kunawa mikono. Kwake yeye jambo limekwisha. Kwangu mimi ndipo lilipoanza. Kwa nini hakuifungua pale pale? Barua zote nyumba ile zilifunguliwa mbele ya watu na kusomwa mara mbili. Hii aliiingiza chini ya kanga yake kama mtu aliyeiba, na alipotoka chumbani, baada ya muda mrefu, uso wake ulikuwa umepata rangi.

Kuanzia hapo nikawa namvizia. Kila Ijumaa Mama na Bi Moza walikwenda kwa jirani kusoma khitima, na mimi hubaki. Mara ya kwanza niliitafuta albamu ya Baba, nikaifungua kama mtu anayefungua sanduku la fedha. Stempu mpya zilikuwa zimeshapangwa kwenye kurasa zake, sawasawa kama Baba alivyokuwa akizipanga, hakuna hata moja iliyokwenda upande. Na nyuma ya ukurasa wa mwisho kulikuwa na kikaratasi kutoka kwa muuza stempu. Kilikuwa cha Kiingereza, mistari miwili tu, na niliweza kukisoma: Bwana, tunakushukuru kwa barua yako, na anwani tumeibadilisha kama ulivyotutaka.

Nilikisoma mpaka nikasikia mlango wa jirani unafunguliwa. Barua yako. Kama ulivyotutaka. Mama alisema yeye ndiye aliyepeleka anwani, na Mama hakuwa akijua kuandika barua ya Kiingereza. Basi Baba ameandika. Baba yu hai, anajua tulipo, na Mama anajua kwamba anajua.

Msinicheke. Nilikuwa na ushahidi ulioandikwa, na upande wa pili kulikuwa na neno moja tu la Mama, lililosemwa madirisha yamefungwa.

Katika dhana yangu Baba alikuwa amejificha, na pa kujificha palikuwa hapo hapo nyumbani. Juu darini kulikuwa na stoo ya tende ambayo Ami akiifunga kwa kufuli na ufunguo hautoki kiunoni mwake. Nikaanza kubana kipande cha mkate wa asubuhi na kukisukuma chini ya mlango wa stoo. Kesho yake nikichungulia, hakipo. Wallahi nililia kwa furaha. Miezi miwili nilimlisha baba yangu hivyo, mpaka Bi Moza akaniona na kunishika sikio: "Kumbe wewe ndiye unayetufugia panya!"

Hilo la panya lilinivunja moyo, lakini halikunibadilisha. Ikiwa hayupo stoo, basi yupo Uingereza, na stempu anazileta yeye, na picha anazichagua yeye. Zilipokuja stempu za ndege, wanne pamoja kwenye kipande kimoja, kila mmoja kaangalia upande wake, nilizitazama hata macho yakaniuma. Kulikuwa na kikaratasi kingine: tunashukuru kwa barua yako ya karibuni, ndege uliowaulizia ndio hawa. Kauliza ndege! Kwa nini ndege? Ndege huruka na kurudi. Wanne, yaani miezi minne. Nikahesabu miezi minne kwa mistari ya mkaa nyuma ya mlango wa jikoni, ikapita, hakuja mtu.

Ndipo nikafanya kosa langu la kwanza. Nilikuwa nimesikia kwamba watu huandika siri kwa maji ya ndimu, ikawa haisomeki mpaka itiwe unyevu au moto. Nikachukua ndege mmoja, mweusi mwenye mdomo wa manjano, nikamlaza kifudifudi kwenye kiganja na kumpaka mate kwa ncha ya kidole. Gundi ikang'ara, ikalainika, ikawa ute. Hakukuwa na neno lolote chini yake. Nilipoona amejikunja nikaogopa, nikamrudisha mahali pake na kumbonyeza, akanata kwenye ukurasa na hakubanduka tena.

Mama aliona. Najua aliona, maana Ijumaa ya pili yake albamu haikuwepo ilipokuwa. Lakini hakunipiga, hakunigombeza, hakuniuliza. Wakati wa chakula aliniangalia tu, na mimi nikamwangalia yeye. Mtu asiye na la kuficha, nikawaza, angenigombeza.

Nilikuwa nakaribia miaka kumi na mbili Bi Moza alipoanza kumtaja kaka yake. Bwana Khalfan alikuwa na duka la vitambaa sokoni, amefiwa na mke, mtu wa makamo, msafi, haongei sana. Alikwishatuletea kitambaa cha Iddi mara mbili. Mama alikuwa akishona kofia dirishani, na Bi Moza humsemesha kule kutoka jikoni bila ya kumwangalia, kama anayezungumza na sufuria.

"Mwanamke hawezi kukaa maisha yake yote kwenye chumba cha shemeji yake, Bi Asha. Mie sikufukuzi, Mungu shahidi yangu. Nnakutakia kheri."

Sindano ya Mama ilikwenda ikirudi.

"Umenyamaza," akasema Bi Moza. "Basi nnajua la kumwambia Hamed."

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, na kila kitu kikajipanga kichwani mwangu. Kumbe hii ndiyo sababu! Baba anaandika kutaka aje, na Mama anazificha barua kwa kuwa anataka kuolewa na mwenye duka. Nilimchukia siku ile chuki ambayo mpaka leo nikiikumbuka huomba maghufira.

Nikatafuta albamu nyumba nzima. Sikuipata, lakini nilipata kilicho kikubwa zaidi. Ndani ya kikapu cha kofia, chini ya nyuzi za hariri, kulikuwa na karatasi imekunjwa mara nne. Nikaikunjua. Saini ya Baba. Ile saini yake yenye S kubwa kama ndoana na mstari unaorudi nyuma na kukata jina zima. Na haikuwa moja. Zilikuwa ishirini, thelathini, zimejaa karatasi juu mpaka chini, na wino wake ulikuwa mweusi mpya, ule ule wa kidau kilichokuwa juu ya meza ya Ami. Baba alikuwa amekaa katika nyumba hii. Amekaa kwenye meza ile, ameshika kalamu ile.

Siku ya tatu yake, baada ya sala ya alasiri, wanaume walikaa barazani kwa Ami kuzungumza jambo lenyewe. Alikuwepo Ami, Bwana Khalfan, na Maalim Zahor, mzee aliyesomesha Unguja zamani na ambaye watu wetu wote Matrah walimpelekea mashauri yao ya ndoa na mirathi. Mama na Bi Moza walikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia, kama desturi. Niliisikia sinia ya kahawa ikiwekwa. Nikaingia barazani kichwa wazi, bila ya kubisha hodi.

"Baba yu hai," nikasema. "Mama hawezi kuolewa. Ana mume."

Bwana Khalfan alikuwa ameshika kikombe, akabaki nacho hewani. Ami akainuka nusu. "Zuwena! Toka!"

"Mwache," akasema Maalim Zahor. "Njoo hapa, mwanangu. Nani kakwambia?"

"Hapana alonambia. Nnayo saini yake."

Nikamkabidhi karatasi na vile vikaratasi viwili vya muuza stempu, nilivyokuwa nimeviiba zamani na kuvificha. Maalim akavaa miwani. Vya Kiingereza akampa Ami avisome, na Ami akavisoma kwa sauti iliyokuwa ikififia. Kisha wote watatu wakaitazama karatasi ya saini.

"Hizo bahasha nazijua," akasema Ami. "Lakini hii siijui. Na hii ni saini ya ndugu yangu."

"Wino wenyewe si wa zamani," akasema Maalim. Akavua miwani. "Hamed, mauti ya Suleiman aliyashuhudia nani?"

"Mtu wa kuaminika alimletea khabari mkewe."

"Wewe ulimwona mtu huyo?"

"Mimi nilikuwa hapa, Maalim."

"Jina lake unalijua?"

"Hatukuwahi kutajiwa."

"Basi tuna neno la nani?"

Ami akageuka, akalitazama pazia, na nikaona kwenye uso wake kitu nilichokijua vizuri sana, maana nilikuwa nacho mimi kwa miaka mitatu. Alikuwa anamshuku.

"Neno la Mama Zuwena," akasema.

Nilidhani nitafurahi. Badala yake nikaunyoosha mkono kutaka karatasi yangu irudi.

Pazia halikutikisika. Sauti ya Mama ikatoka nyuma yake, tulivu, kama anayejibu bei ya kofia.

"Saini hizo nimetia mimi, Maalim."

"Zote?"

"Zote. Na nyengine mbili zimekwenda Ulaya."

Bwana Khalfan akaweka kikombe chini polepole. Maalim akauliza, "Tutakuamini vipi, binti yangu?"

"Nipeni kalamu."

Ami akachukua kalamu na karatasi tupu, akazipitisha chini ya pazia. Mkono wa Mama ukatoka, na tondoo ya kushonea bado iko kwenye kidole. Ukaandika mara moja, bila ya kusita, ukaisukuma karatasi nje. Ami akaiokota. Akaitazama, kisha akajifunika mdomo kwa kiganja.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo khasa."

"Kuandika barua uliandikaje?" akauliza Maalim. "Kiingereza umekijulia wapi?"

"Sikijui. Marehemu alikuwa akibakisha nakala ya kila barua aliyowapelekea, zimo ndani ya jalada la albamu yake. Nimeiga herufi moja moja, kama ninavyoiga ua la kofia. Palipo na anwani ndipo nilipobadilisha. Na mara ya pili nilitoa jina la ndege kwenye orodha yao."

"Na kwa nini?"

Nilisikia bangili za Bi Moza zikigongana, kisha sauti ya Mama.

"Hapa kila mtu akimtaja husema marehemu. Mimi mwenyewe nasema marehemu. Wale peke yao ndio wamebaki duniani wanaomwandikia kama mtu alo hai, wanamuuliza anataka nini. Nikiwaambia, basi, khalas."

Maalim Zahor aliinamisha kichwa. Akauliza jambo moja tu zaidi: mtu aliyeleta khabari. Mama akajibu kwamba alikuwa jirani yetu, kwamba alimzika Baba kwa mikono yake, yeye na wengine, na kwamba jina lake atalitaja kwa Maalim peke yake, kwa sababu bado yupo kule na ana watoto.

Bwana Khalfan aliondoka kwa adabu, akatusalimia sote. Baada ya wiki mbili akaleta ujumbe kwamba amepata sehemu nyengine. Bi Moza aliyafikisha maneno ya kaka yake jikoni, akikuna nazi: "Anasema mwanamke anayeweza kutia saini ya maiti, hujui kesho atatia ya nani." Mama akasema, "Hana kosa." Ami aliacha kuzungumza na mimi kabisa. Akiingia nilipo, hutafuta kitu cha kuangalia.

Asubuhi iliyofuata siku ile ya barazani, Mama aliniita juu ya dari alikokuwa akianika nguo. Nilikwenda nikijua nitapigwa, na nilitaka nipigwe. Alinipa upande mmoja wa shuka niushike.

"Nilikosea," akasema. "Nilikuficha, nikidhani nakulinda, kumbe nakufundisha kunishuku."

Akanieleza yote, tukiwa tumeshika shuka lile baina yetu. Kwamba Baba alikamatwa njiani, hata posta hakufika. Kwamba hakuzikwa peke yake, walikuwa wengi ndani ya shimo moja, na jirani alimtambua kwa mkanda wake na kwa wino uliokuwa kwenye vidole. Kwamba jirani alimsomea alichoweza kusoma, haraka haraka. Hakulia. Mimi nililia mpaka nikakaa chini kwenye saruji ya moto, na hapo ndipo Baba alipokufa kwangu, miaka mitatu baada ya watu wengine.

Nilipoweza kusema nikamuuliza kama alitaka kuolewa na Bwana Khalfan.

Akalitandaza shuka kwenye kamba, akalinyoosha pembe. "Nilikuwa bado sijajua," akasema. "Pengine siku ile barazani ningejua."

Hakulizungumza tena, na mimi kwa miaka yote aliyoishi sikuthubutu kumuuliza mara ya pili. Hakuolewa. Sijui kama nilimwokoa na jambo au nilimnyang'anya. Wanangu wanadhani bibi yao alikuwa mwanamke aliyependa upweke.

Baada ya siku chache akaniletea kidau cha wino. "Wewe unakijua Kiingereza," akasema. "Waandikie. Waambie ukweli."

Nilichana karatasi tatu. Barua iliyokwenda ilikuwa na mistari mitano: kwamba baba yangu amefariki, kwamba amefariki zamani, kwamba barua mbili za mwisho aliziandika mama yangu, kwamba tunaomba radhi, na kwamba ndege walikuwa wazuri. Mama akaniambia nitie saini yangu. Sikuwa nayo. Niliandika jina langu tu, kwa herufi za darasa la nne.

Jawabu lilichukua karibu miezi mitatu. Halikuandikwa kwa mashine. Lilikuwa kwa mkono, mwandiko wa mzee, na lilikuja kwa Mama. Nilimfasiria nikiwa nimesimama. Muuza stempu alisema amefanya biashara na Baba miaka kumi na moja na hakumjua sura, lakini alijua ni mtu mwangalifu, na amesikitika. Alisema barua zile mbili alizipenda, na kwamba wala hakutambua tofauti. Mwisho akauliza: aache kupeleka stempu, au apeleke kwa jina jengine?

Mama alikuwa na sindano mdomoni. Akaitoa.

"Mpe jina lako," akasema.

Bahasha iliyofuata aliileta Ami, adhuhuri kama kawaida. Akasimama nayo ukumbini, akaisoma juu yake, akaisoma tena. Kisha akaita kwa sauti kubwa, sauti ambayo nyumba ile haikuwa na desturi nayo: "Zuwena binti Suleiman! Posta yako!" Ndiyo mara ya kwanza kunitaja tangu siku ile. Nilipoipokea akaushika mkono wangu kidogo kabla ya kuuachia.

Niligeuka kumpa Mama, naye akakataa kwa kichwa. "Yako hiyo. Fungua mwenyewe." Zilikuwa stempu za maua ya mwituni, mpya, kamili. Nikamwita aje azione. Hakuja. Alikuwa ameingia chumbani, na kupitia mlangoni nikamsikia, kwanza kama mtu anayekohoa, kisha wazi, kwa sauti yote, akimlilia mumewe na kumwita kwa jina lake, kama ambaye khabari ameletewa asubuhi ile. Ami alitoka nje akajirudishia mlango. Bi Moza akaacha chungu motoni, akaingia chumbani bila ya kusema neno, akamshika. Mimi nikakaa kizingitini mpaka alipomaliza.